Usikimbilie nyuma: maongezi ya Lushoto kuhusu kushuka mlima na baiskeli

Wale mliokosa Jumamosi mmenisumbua sana, basi haya hapa maongezi yote kama nilivyoyatoa pale uwanjani. Picha za kwenye skrini nimeziacha, maana hata waliokuwepo hawakuziona vizuri kwa lile jua.

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, dada zangu karibuni sana. Naona wenzetu wa Moshi na Arusha wamefika, Tanga wamefika, na kuna mmoja kaniambia katoka Dar na basi, baiskeli kailaza kwenye buti chini ya magunia ya watu, pole sana bwana, hiyo tutaikagua baadae rimu moja moja. Chai ipo, maandazi yapo. Nawaomba muda kidogo tu kabla hamjaanza kujaza upepo, maana nawajua, mtu akishashika pampu hasikii tena la mtu.

Nianze na swali. Upo juu ya mteremko, mteremko kweli, sio huu wa kushukia sokoni. Tairi la mbele limeshaanza kuinama, unaona mawe, unaona mizizi, unaona ule mfereji uliochimbwa na mvua za masika. Mwili wako unataka kwenda wapi?

Nyuma! Eeh, mmejibu wote kwa pamoja bila kufikiria, na hapo ndo penyewe. Hakuna aliyekaa darasani akafundishwa kwenda nyuma, hofu yenyewe inakuvuta. Makalio yanatoka kwenye siti, yanapita siti, yanafika juu ya tairi la nyuma, mikono inanyooka kama unavuta kamba, na moyoni unajisemea hapa niko salama. Jamani, hapo hauko salama. Leo nina neno moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: usikimbilie nyuma.

Kwa nini? Angalia kinachotokea. Ukishakaa kule nyuma kabisa, tairi la mbele limebaki jepesi, halina uzito wa kulikandamiza chini, na tairi lisilokandamizwa halikati kona na halishiki breki, linaelea tu juu ya changarawe. Hiyo moja. La pili ni baya zaidi. Mikono yako imeshanyooka, imeisha, haina tena pa kwenda. Tairi la mbele likidumbukia kwenye shimo, usukani unashuka, na wewe uliyeushika unavutwa nao mbele mzima mzima. Yani kule kule ulikokimbilia kujiokoa ndiko kunakokurusha. Wangapi hapa wameshapita juu ya usukani? Nyosheni mikono. Haya, shusheni, ni wengi mno tutatia watu uoga bure.

Sasa wazee wangu mtaniuliza, mbona sisi tulifundishwa kwenda nyuma, na waliotufundisha walikuwa wanajua? Walikuwa wanajua kweli, na baiskeli zao zilikuwa zinataka hivyo. Baiskeli za zamani zilikuwa fupi, foko, ile mikono miwili inayoshika tairi la mbele, imesimama karibu wima, tairi la mbele liko pale pale chini ya kidevu chako, siti juu, breki mbovu. Kwa chombo kile ukikaa katikati kwenye mteremko mkali unapinduka kweli. Baiskeli za daunhili, yani za kushuka mlima, za siku hizi foko imelazwa, pembe yake inacheza kwenye nyuzi 63 hivi, tairi la mbele liko mbali huko mbele yako, kwahiyo mtu anaweza kukaa katikati na asipinduke. Najua wengi wetu hapa tunaendesha za mtumba zenye foko iliyosimama, mimi mwenyewe mojawapo iko hivyo. Kwa hizo utarudi kidogo, sawa, lakini kidogo! Na kabla ya kurudi kitu cha kwanza ni kushusha siti. Fungua kibano, shusha siti mpaka chini, funga. Zile nguzo za siti zinazoshuka kwa kubonyeza kitufe ni nzuri sana lakini sio lazima, kibano cha kawaida na sekunde chache pale juu kabla ya kushuka vinatosha. Siti ikiwa juu inakusukuma kiuno, unakuwa huna pa kuweka mwili zaidi ya huko nyuma, alafu tunamlaumu mwendeshaji.

Ngojeni niwape kisa cha mwanzo wa haya mambo, maana kinachekesha. Kule California, Marekani, kaunti ya Marin, kulikuwa na vijana wanachukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wanazipandisha mlimani, wanashindana kushuka. Mashindano ya kwanza yenye saa yalikuwa tarehe 21 Oktoba 1976, barabara ya vumbi inayoshuka karibu mita 400 kwa kilomita 3 hivi. Baiskeli zile breki yake ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, ipo ndani ya habu, kile kitovu cha tairi, ya nyuma. Sasa mtu anashuka ameikanyaga njia nzima, habu inapata moto, grisi inaungua inatoka moshi, akifika chini lazima afungue habu apake grisi upya, na ndio maana barabara ile wakaiita Repack. Yani kupaka grisi upya. Vijana walikuwa hawana breki ya mbele ya kuaminika, wamekaa nyuma, wanaburuza tairi la nyuma kona zote, na pale ndipo mchezo wetu ulipopata mbegu. Nawaheshimu. Lakini miaka hamsini imepita hiyo, na bado nakutana na kijana ana breki za diski mbele na nyuma anashuka kama vile ana habu inayowaka moto.

Haya, kama sio nyuma, ni wapi?

Miguuni. Uzito wako wote uende miguuni. Mmeshamuona kondakta wa daladala? Gari linakimbia, linakata kona, linaruka matuta, yeye kasimama mlangoni hajashika kitu, mkono mmoja noti, mkono mwingine chenji, anabishana na abiria na haanguki. Kwa nini haanguki? Magoti yamelegea, miguu imetanuka kidogo, uzito wote uko kwenye nyayo, mikono iko huru. Abiria aliyeshika bomba kwa nguvu na amekaza mwili ndiye anayeyumbishwa. Basi nataka ukiwa juu ya baiskeli uwe yule kondakta.

Naomba msimame. Simameni wote, hata mzee wangu pale na kikombe chako, kiweke chini tu. Miguu sambamba, mmoja mbele mmoja nyuma kidogo, kama pedeli zikiwa usawa. Pedeli ziwe usawa, usishushe mguu mmoja, maana pedeli ya chini ndiyo inayogonga jiwe. Visigino vishuke kidogo. Magoti yalegee na yatanuke, yasibane fremu. Sasa inama kutokea kwenye nyonga, sio kwenye mgongo! Mgongo unyooke, makalio yarudi kidogo kwa sababu umeinama, kifua kishuke kielekee kwenye usukani. Viwiko vitoke nje, vikunje, kama mtu anayetaka kupiga pushapu. Kidevu kiwe juu ya usukani au karibu yake. Macho mbele. Haya, uzito uko wapi?

(Mkajibu: miguuni!)

Uko wapi?

(Miguuni!)

Mikono ina uzito?

(Hapana!)

Sawa, kaeni. Kipimo chake ni rahisi, unakifanya hapa hapa uwanjani. Ukiwa umesimama kwenye pedeli unatembea taratibu, kwenye tambarare, legeza vidole vyako vyote kwenye usukani, usiachie, legeza tu. Kama umejikuta unaanguka mbele, ulikuwa umeegemea mikono. Kama umejikuta unaanguka nyuma, ulikuwa unaning'inia kwenye mikono. Kama hakikutokea kitu, upo penyewe.

Sasa hapa kuna jambo linawachanganya watu wengi, naomba mnisikilize vizuri. Mteremko ukizidi, baiskeli inainama, si ndio? Lakini wewe usiiname nayo. Wewe endelea kusimama wima juu ya pale pedeli zinapozungukia, kama vile umesimama kwenye ngazi ya nyumba. Ukipigwa picha ya pembeni utaonekana makalio yako yako karibu na tairi la nyuma, na mtu akiiona hiyo picha kwenye simu atasema, unaona, bingwa karudi nyuma. Hajarudi nyuma! Ni baiskeli ndiyo iliyoinuka nyuma yake. Yeye amesimama juu ya miguu yake vilevile kama alivyokuwa kwenye tambarare. Watu wanaiga picha badala ya kuiga kinachofanyika, ndo mana tunaumia.

Huku kwetu Lushoto walimu wako barabarani bure. Kuna jamaa mmoja analeta kabichi sokoni na baiskeli ya Phoenix, magunia yamefungwa nyuma mpaka yanampita kichwa. Siku moja nilisimama pembeni kule juu nikamuangalia anashuka kwenye udongo mwekundu uliolowa, na nikawa najiuliza huyu anafanyaje. Nikaona. Mzigo umeshika nyuma kwahiyo yeye yuko mbele, kasimama kwenye pedeli, viwiko nje, kifua karibu na usukani, anapita kwenye matope polepole na tairi la mbele halitetereki. Angekaa nyuma na mzigo wake baiskeli ingenyanyuka mdomo juu kama farasi. Hajawahi kusikia neno daunhili maishani mwake, lakini anajua tairi la mbele linataka uzito. Nikamuuliza amejifunza wapi, akaniangalia kama mtu niliyeuliza amejifunza wapi kutembea.

Na kwa wale wanaosema hiyo ni ya taratibu, kwenye spidi ni tofauti, haya nendeni mkamtafute Danny Hart, Muingereza, mbio za ubingwa wa dunia 2011, Champéry, Uswisi. Mvua inanyesha, njia imekuwa uji, mlima ule ni mkali hata kutembea kwa miguu ni shida, kijana ana miaka 19. Alimshinda wa pili kwa zaidi ya sekunde 11. Kwenye mchezo huu watu wanashindana kwa sehemu ya sekunde, mwaka 2009 kule Canberra, Steve Peat alichukua ubingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.05, na alikuwa ameshapata medali ya fedha mara 4 kabla ya hapo. Sasa huyu mtoto anashinda kwa 11! Mkiangalia ile video msiangalie spidi, spidi itawatisha tu. Angalieni kifua chake. Kila baiskeli inapoteleza, miguu inatoka, inarudi, tairi la nyuma linakwenda huku, kifua kipo pale pale juu ya usukani.

Tuhamie kwenye breki na macho, naziweka pamoja kwa sababu mtu anayeangalia tairi lake ndiye anayefunga breki hovyo.

Fanyeni hesabu na mimi. Kilomita 30 kwa saa, kwa mteremko hiyo sio kitu kabisa, ni zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ukiangalia mita mbili mbele ya tairi, unachokiona utakuwa umekipita kabla hujamaliza kukipa jina. Jiwe ulilolikodolea macho huwezi tena kulikwepa, umeshalifikia. Inua macho. Angalia mbali, kwenye kona angalia unakotokea na sio unakoingilia. Jiwe la karibu ulishaliona zamani, miguu inalijua.

Kule Goma, Congo, kuna chukudu, wengi mmeziona, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, wamewajengea mpaka sanamu kwenye mzunguko wa barabara pale mjini. Mtu anashuka na mamia ya kilo ya viazi au mkaa, breki yake ni kipande cha raba anachokikanyaga kiguse gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu hana anasa ya kuangalia karibu, akiliona shimo akiwa ameshalifikia ndo basi tena. Macho yake yako bondeni huko. Sisi tuna breki za kusimama papo hapo na ndizo zilizotuharibu macho.

Breki sasa. Kidole kimoja, cha shahada, kila upande, vinavyobaki vishike usukani. Kama mkono wako ni mdogo, dada zangu hili linawahusu sana na mafundi hawalisemi, kwenye leva nyingi za breki kuna skrubu ndogo ya kuisogeza leva karibu na kidole. Isogezeni! Mtu analazimika kunyoosha vidole vyote kufikia breki, ashindwe kushika usukani, alafu anaambiwa eti hana nguvu. Na yeyote anayewaambia huu mchezo ni wa wanaume, muulizeni kama anamjua Rachel Atherton, mwaka 2016 alishinda mbio zote 7 za Kombe la Dunia msimu ule, zote, kisha akachukua na ubingwa wa dunia.

Kitu kingine, hii mtumba yako imetoka wapi? Uingereza na Japani breki ya mbele kawaida iko mkono wa kulia. Marekani na nchi nyingi za Ulaya iko kushoto. Leo hapa kuna watu watabadilishana baiskeli kujaribu, nawaona mnavyozitamani za wenzenu, naomba kila unayempa baiskeli aigonge breki moja moja hapa chini kwanza. Tusije tukagundulia kule juu.

Na breki ya mbele sio adui, jamani. Ndiyo inayosimamisha baiskeli kwa sehemu kubwa, maana ukifunga breki uzito unakwenda mbele na tairi la nyuma linabaki jepesi, linaburuzika tu. Anayeogopa ya mbele na kutumia ya nyuma peke yake anateleza mlima mzima na kutuharibia njia. Lakini ya mbele inataka mwili uwe tayari. Visigino chini kabla ya kuifunga, ili ule msukumo uishie kwenye pedeli na sio kwenye mikono. Uifinye, usiikwapue. Na uifunge ukiwa umenyooka, kabla ya kona, kabla ya mizizi. Ukishaingia kwenye mizizi iliyolowa acha breki, tairi linalozunguka linapita, tairi lililofungwa linateleza.

Alafu usiburuze breki njia nzima. Waliowahi kushuka kutoka hapa Lushoto mpaka Mombo kwa lami, kilomita 33 hivi na karibu kilomita nzima ya kimo, wanajua rimu zinavyopata moto mpaka ukigusa unaungua. Funga kwa nguvu sehemu unayoichagua, achia, ipoe, funga tena. Na kumbuka spidi ikiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne, sio mara mbili, kwahiyo anayesema nitafunga nikifika pale huwa ameshachelewa.

Mnataka kujua baiskeli inaweza kukimbia kiasi gani bila kuipigia pedeli? Mwaka 2015, Leogang, Austria, Kombe la Dunia. Mmarekani Aaron Gwin anatoka kwenye geti la kuanzia, anakanyaga pedeli, pah, cheni imekatika. Pale pale juu. Mwingine angerudi hotelini. Yeye kashuka mlima mzima bila cheni, na kashinda! Wenzake wote wana cheni, yeye hana, na kawashinda. Alikuwa anapata wapi mwendo? Kwenye ardhi. Kila tuta likija anakunja magoti na viwiko linapita, likianza kushuka upande wa pili anakandamiza kwa miguu, baiskeli inasukumwa mbele. Na alikuwa anaogopa kufunga breki kwa sababu mwendo akiupoteza hana wa kumrudishia. Hilo ndo zoezi ninalolipenda kuliko yote, tafuta sehemu fupi yenye matuta matuta, ushuke bila kupiga pedeli hata moja, uone unafika wapi. Utajikuta unaachia breki mwenyewe bila kuambiwa.

Na huwezi kukandamiza tuta ukiwa umening'inia nyuma. Jaribu. Miguu haina nguvu kule.

Kona nitazipitia haraka maana hizi zinafundishika vizuri zaidi kule juu kuliko hapa. Kona iliyo wazi, isiyo na ukuta: laza baiskeli, mwili wako ubaki umesimama zaidi kuliko baiskeli. Mguu wa nje ushuke chini na uukanyage kweli kweli, mkono wa ndani unausukuma usukani chini. Kona yenye ukuta wa udongo, pedeli zibaki usawa au karibu, mlale pamoja na baiskeli, ukuta utakubeba. Watu wengi hapa wanafanya kinyume, wanalaza mwili ndani na baiskeli inabaki wima, hiyo ni ya pikipiki za mashindano kwenye lami na kwenye vumbi letu hili itakulaza.

Mwalimu wangu wa kona ni Sam Hill, Muaustralia, bingwa wa dunia 2006, 2007 na 2010. Zama ambazo karibu kila mtu anayeshindana anafunga viatu kwenye pedeli, yeye alikuwa anatumia pedeli za kawaida bapa, zile zile unazozikuta kwenye duka lolote, tofauti zake zina misumari. Mwaka 2008 pale Val di Sole, Italia, alikuwa anakuja na mwendo ambao watu mpaka leo wanauongelea, kona ya mwishoni kabisa ikamtoa, akaanguka, akanyanyuka, akapanda, na bado akamaliza wa tatu! Hebu fikiria alikuwa anaongoza kwa kiasi gani. Ninachotaka mkione ni miguu yake. Hajafungwa na chochote, kinachomshikilia juu ya baiskeli ni visigino vilivyoshuka na uzito. Kwahiyo yule aliyeniuliza kwenye simu kama anunue viatu vya kufunga kwenye pedeli ndo aweze kushuka, jibu ni hapana ndugu yangu, nunua helmeti nzuri kwanza, hiyo uliyonayo ina ufa nimeiona.

Na ngazi. Ukifika kwenye ngazi au jiwe linalokatika, hapa ndipo hofu inaposhinda kabisa. Mtu anajitupa nyuma, tairi la mbele linaanguka, mikono imeisha, kwisha habari. Fanya hivi: fika ukiwa umejishusha juu ya pedeli, kifua chini, viwiko vimekunjwa. Tairi la mbele linapotoka kwenye ukingo, wewe baki, ila isukume baiskeli mbele kwa mikono na miguu. Baiskeli ndiyo inayokwenda, wewe hujatoka juu ya miguu. Kwa nje vinafanana, kwa ndani ni vitu viwili tofauti, maana aliyeisukuma baiskeli anatua matairi yote mawili na bado magoti na viwiko vina nafasi ya kumeza kishindo. Tutaanza na ile ngazi ya kanisa pale, moja tu, kimo cha kiganja. Msikimbilie ile ya juu ambayo vijana wa hapa wanapigia picha.

Wazee wangu, naona mnatikisa vichwa, mnasema haya ni ya watoto. Greg Minnaar ni wa kwetu Afrika, mtu wa Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Ubingwa wa dunia wa kwanza 2003. Akachukua tena 2012. 2013 mashindano yakaja nyumbani kwao kabisa, akashinda mbele ya watu wake na tairi la nyuma limepata pancha kabla ya kumaliza. Alafu 2021, ana miaka 39, anashindana na watoto waliokuwa chekechea alipochukua wa kwanza, akachukua tena. Na ni mtu mrefu huyo, wale warefu mnaosema baiskeli hazijatengenezwa kwa ajili yenu nawaangalia.

Mazoezi basi. Naomba leo mtu yeyote asishuke njia nzima mara ya kwanza. Tunapanda kwa miguu tukisukuma, tunaikagua, kila mtu achague kipande cha mita kama 50, akirudie. Akirudie tena. Mzunguko wa kwanza fikiria visigino tu, sahau mengine. Unaofuata fikiria macho tu. Mtu akijaribu kukumbuka yote niliyoyasema kwa wakati mmoja ataanguka na atasema ni mimi nimemwangusha. Mshikishe mwenzako simu akurekodi kwa pembeni, sio kwa mbele, kwa mbele huwezi kuona kama makalio yamekimbia. Nina uhakika zaidi ya nusu yenu mtashangaa, unahisi umeinama mpaka kifua kinagusa usukani, ukiangalia video uko wima kama unakwenda kazini.

Swali la dada pale? Ndio. Anauliza kama kuna wakati ni sahihi kwenda nyuma kabisa. Upo, sitawadanganya. Kuna sekunde moja moja, ngazi kubwa, shimo la ghafla, baiskeli inatangulia mbele na wewe unabaki nyuma yake kidogo, alafu unarudi mara moja. Ni mahali pa kupita. Shida yetu tunahamia huko, tunajenga na nyumba.

Na mwingine, upepo wa matairi. Inategemea uzito wako na upana wa tairi, ila wengi hapa mmejaza kama mnakwenda Korogwe kwa lami. Tairi likiwa gumu kama jiwe linadundadunda na halishiki. Punguza kidogo kidogo, jaribu, ukianza kusikia rimu inagonga mawe umepitiliza, ongeza. Jana kulinyesha kule juu, udongo bado mwekundu na laini, kwahiyo punguzeni.

Wageni kwenye kushuka wanakwenda na mimi kwenye ngazi ya kanisa. Waliozoea wafuateni wale vijana wawili wenye fulana za njano, ila mkikuta akina mama na mizigo ya kuni kwenye njia mnasimama, mnashuka kwenye baiskeli, mnawaamkia, wanapita. Njia ni yao. Siti chini, breki mmezijaribu, helmeti zifungwe, sio zining'inie. Yule wa Dar, njoo na hiyo baiskeli yako kwanza tuone rimu.